Mheshimiwa Alivyotufungulia Paa

Mwanangu Hafiz hivi sasa kapanda juu ya mbuzi ya nazi, ile mbovu isiyo na meno, kashika upawa kauweka mdomoni kama kipaza sauti, kanyoosha kidole juu, kasema "Ba! Ba! Ba!" kwa ukali, kisha kajipigia makofi mwenyewe na kuanguka chali ndani ya ungo. Hakulia. Kanyanyuka, katazama huku na huku aone nani kamshangilia. Nimecheka mpaka nikashika ubavu, maana ni Mheshimiwa mtupu, kakosa koti tu.

Laila somo yangu, kwenye sauti uliyonitumia unasema huko kwenu theluji imeziba mlango, watoto hawaendi skuli, dirisha jeupe kama limepakwa chokaa, na umechoka kutazama ukuta. Unataka kucheka. Basi vuta blanketi, nikupe hotuba aliyotupa Mheshimiwa juzi, siku ya kufungua paa la kituo chetu cha afya. Kuna nilipokumbuka na kuna nilipojazia, usinishike neno.

Paa la zamani, unajua, liliondoka na upepo, mabati na boriti zake. Tangu hapo mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza kwa ndoana, inafungwa kwenye tawi la mfenesi nje. Upepo ukivuma mtoto anabembea, mshale unaruka, na Nesi Ruweida anaandika uzito wowote aliowahi kuuona. Hafiz wangu tangu atoke homa hali chakula vizuri, mbavu naziona, na mie sijui anaongezeka au anapungua. Siku ya upepo ni bonge, siku ya shwari ni kijiti. Hilo ndilo lililonipeleka mkutanoni. Sasa sikiliza.

"Mheshimiwa Sheha, Waheshimiwa wasaidizi wa Sheha, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi Yangu, Katibu wa Kamati Ndogo ya Kiti Changu, mashehe wetu watukufu, wazee wetu mliobaki, kina mama mliobeba watoto na mliobeba vigoda, vijana wa madrasa mliotolewa chuoni kuja kunipigia makofi, na yule mgeni wetu mwenye ndevu aliyetulia safu ya mbele. (Mzee Silima: 'Huyo mbuzi wangu, Mheshimiwa!') Na mbuzi wa mzee wetu. Itifaki imezingatiwa. Assalamu alaykum! (Wote wanaitikia isipokuwa mbuzi.)

"Mimi, Mheshimiwa Mhandisi wa Heshima Mabruki, Mratibu Kiungo Msaidizi wa Masuala Mtambuka ya Upepo, Mapaa na Uhusiano wa Kimataifa, nimesimama mbele yenu nikiwa nimevaa koti hili zito la manyoya, si kwamba nasikia baridi, hapana (anajifuta jasho kwa skafu), bali kwa sababu nimetoka moja kwa moja kwenye Kongamano la Dunia la Dhoruba, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu za kidiplomasia, na kwa sababu jina lake halitamkiki, na koti hili ndilo tunda la kwanza la kongamano kuwafikia wananchi wa Pemba. (Makofi. Bi Moza: 'Na sisi tutalivaa lini, kwa zamu?') Utaratibu utatolewa, mama.

"Ndugu wananchi, ili mulielewe paa, lazima kwanza muielewe dunia. (Mzee Silima anakaa chini, anavua makubadhi.) Dunia, ndugu zangu, imechafuka. Nilikaa meza moja na wakubwa wa dunia, yaani wao walikaa mezani na mimi nilikaa ukumbi ule ule, na nikashuhudia mataifa mawili yanayopigana yakikubaliana kwa kauli moja kwamba vita ni vibaya, kisha yakaunda kamati ya kutafuta nani aliyevianza, kisha yakapigania uenyekiti wa kamati. Nilishuhudia taifa moja kubwa likitaka kununua kisiwa cha watu, kisiwa kizima na theluji yake, kama mtu anayenunua fungu la dagaa sokoni Tumbe. Mimi nikasimama, nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti, Pemba haiuzwi! (Makofi marefu, vigelegele.) Wakaniuliza, nani kakuuliza? Lakini msimamo wetu uliingia kwenye kumbukumbu za kikao.

"Aidha, wakati wa chai, nilifanya diplomasia ya pembeni kuhusu dhoruba za baridi. Mjumbe mmoja akaniambia, kwetu jana gari zilifukiwa na theluji mpaka juu. Nikamwambia, pole sana, kwetu gari tunazisukuma. Akaniambia, kwetu mabomba ya maji yaliganda, hayatoi tone. Nikamwambia, kumbe ndugu, yetu hayatoi tone na wala hayajaganda! (Kicheko. Bi Duni, mama mkwe wangu: 'Hapo kasema kweli, mwandikeni!') Tukashikana mikono tukatoa tamko la pamoja kwamba hali ya hewa ni suala.

"Sasa nije kwenye takwimu, maana siku hizi uongozi ni data. Kutokana na visheni yangu, na rodimapu ambayo stekholda wote mlishirikishwa bila kusumbuliwa kwa kuitwa, ofisi yangu imefanya tathmini ya kina, na imebaini kwamba tangu paa la kituo hiki liondoke, uzito wa watoto umepanda kwa asilimia thelathini na mbili nukta nne! (Kina mama wanawatazama watoto mapajani.) Nasema umepanda! (Katibu anaanza kupiga makofi peke yake.) Na miezi inayoongoza ni ile ya upepo mkali. Tunaye mtoto mmoja, Hafiz Talib, aliyepimwa asubuhi akiwa na kilo nane, na kabla ya adhuhuri, siku hiyo hiyo, akiwa na kilo kumi na moja! Wajumbe wa nchi tajiri walisimama. Wakaniuliza, mnawalisha nini hawa? Nikawajibu kwa maneno mawili: utawala bora!"

Hapo Laila ulimi ukanitoka wenyewe. Nikasimama na mwanangu begani, nikasema, "Mheshimiwa, huyo wangu. Alikuwa anabembea!"

"Na abembee! Ofisi yangu haijamzuia mtoto yeyote kubembea. (Bi Duni: 'Mshale ndio uliobembea, baba! Sisi tunataka kujua mtoto ana kilo ngapi, tumpe uji wa nini!') Mama yangu, hilo ni suala la kitaalamu, litaundiwa kikosi kazi. Msihoji mafanikio yenu wenyewe. Dunia inatutazama. Wapo wanaotuonea wivu kwa asilimia hizo, wapo maadui wa maendeleo ambao wangependa watoto wetu wapimwe pahala palipotulia ili takwimu zishuke! (Wanawake wanatazamana. Nesi Ruweida anafunika uso kwa mtandio.)

"Ndugu wananchi, naona wingu. (Sauti: 'Na sisi tunaliona!') Msiogope wingu. Katika kongamano tulifundishwa kwamba dhoruba hukabiliwa kwa hatua nne: kuitambua, kuipa jina, kuiundia kamati, na kuipongeza kamati. Nami natamka kwamba dhoruba hii ijayo itaitwa Dhoruba Mabruki. (Ngurumo.) Naam, imepokea. Na sasa kwa heshima niliyopewa baada ya wengine kukosekana, naomba mkasi, nikate utepe huu mwekundu uliofungwa kutoka ukuta ule hadi ukuta huu, na natamka rasmi kwamba paa hili la kisasa, linalostahimili upepo, mvua, na hata theluji ikija, limefunguliwa! (Anakata. Kila mtu anatazama juu. Juu kuna mbingu. Tone la kwanza linamwangukia Mheshimiwa puani.)

"Asanteni! (Mvua inaanza. Kina mama wote wanainuka kwa pamoja.) Asanteni sana kwa kunisimamia! Sijawahi kuona heshima kama hii! (Watoto wanafunikwa kanga, vigoda vinapinduka, watu wanakimbilia baraza ya madrasa. Mbuzi yuko mbele yao.) Nendeni mkaieneze habari hii, naona mmeshaanza! Paa! (Katibu: 'Juu!') Paa! ('Juu!') Dhoruba! ('Chini!') Inashuka, naam, inashuka! Upepo! ('Tunaudhibiti!') (Upepo unachukua karatasi za hotuba.)

"Kwa kumalizia, maana koti limeshiba maji na siwezi tena kunyanyua mkono, napenda kuwashukuru wafadhili wa mradi huu, popote watakapopatikana; namshukuru mhandisi wetu, ambaye tutamwajiri; nawashukuru mafundi, ambao wataitwa; na kwa namna ya pekee nayashukuru mabati, ambayo kwenye kompyuta ya ofisi yangu yameshapigwa misumari kwa asilimia mia moja, mmebaki nyinyi tu kuyaona. Asanteni, na karibuni ndani!"

Ndiyo hiyo hotuba, somo. Alipoondoka koti lilikuwa zito hata wakasaidiana watatu kulipandisha garini, na yeye ndani yake. Nikawaza kama kweli huko kwenu mnavaa hivyo kila siku, Mungu akupe mgongo.

Lakini ngoja nikwambie lililo zuri. Mvua ilipokatika Bi Duni alirudi peke yake, akauokota ule utepe, vipande vyote viwili, akaukamua, akaufunga kiunoni. Nikamuuliza, "Mama, wa nini?" Akasema, "Mheshimiwa katupa kamba, tusikatae riziki." Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Jana wanawake tumeshinda tunashona makuti ya kuezekea kituo, vidole vyangu havikunjiki hata kuandika huku nateseka. Leo alfajiri mume wangu Talib na wanaume wenzake wametoka na boriti mabegani, mikoko mitupu ya zamani iliyotolewa kwenye nyumba ya babu yao. Sisi tumeteka maji, Bi Moza kapika muhogo wa nazi sufuria mbili. Mzee Silima katoa ushauri. Mie nimepenya nyumbani mara moja kumnyonyesha Hafiz, ndio nikakukumbuka.

Na yeye huyu leo kamaliza uji, bakuli zima, kalilamba. Sisemi neno, naogopa kujidanganya. Macho ya mama yanataka kuona minofu hata pale pasipo na...

Bi Duni ananiita huko, sauti yake inafika kabla ya upepo: "Mwanapili wee! Mwanapili! Boriti imekaa, mizani tumeifunga kwa utepe wa Mheshimiwa, haitikisiki hata kidogo! Mlete mjukuu wangu awe wa mwanzo!"

Naja mama! Laila, nakwenda, nimeshambeba. Nikirudi nitakwambia kilo zake, za kweli safari hii, bila ya upepo, na hata zikiwa chache mie nitajua pa kuanzia, maana mtoto ukishajua uzito wake, unajua na uji wa kumpa.