Mraba Kwenye Tundu la Duara

Profesa hakuwahi kufundisha mtu chochote, ila nusu ya mji ilishamlipa karo. Asubuhi hiyo mkewe, fundi nguo, alikuwa amekwenda kwa dada yake hadi alasiri. Profesa amejilaza kwenye kochi, macho yake yakatua kwenye cherehani ya mke, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyokuwa ikiwalisha wote wawili. Akaitazama sana. Kisha akatabasamu, na Profesa akitabasamu, jueni kuna mtu atalia.

Kufika saa nne yuko uwanja wa soko, cherehani ameileta kwa mkokoteni. Pembeni amesimamisha fremu iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, kavu, ngumu kama bati, yenye tundu la duara katikati. Mkononi ana kipande cha mbao cha mraba. Akawaeleza waliokusanyika kwamba mambo ni rahisi: unalipa kiingilio, unapitisha mraba kwenye duara bila kukata wala kuchana, unaondoka na cherehani. Pembe zilizidi tundu kidogo tu, kiasi cha kumtia mtu tamaa.

Wakajaa. Muuza nyama alisukuma kwa ngumi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwalimu wa hesabu alipima kwa rula, akathibitisha kwamba haiwezekani kabisa, halafu, msomi wa watu, akalipa ajaribu tena. Mfuko wa fedha wa Profesa ukavimba. Hofu yake ilikuwa moja: cherehani lazima iwe mahali pake kabla mkewe hajarudi, la sivyo ndoa imekwisha. Alishaonywa mara mbili, na mke yule si wa kuonya mara ya tatu.

Hapo akaja mama mmoja mshona viatu, aproni imeganda gundi. Ngozi hakuitazama kwanza. Aliinamia cherehani, akaugusa mkanda wake, kisha akauliza kwa upole, kama anaulizia bei ya vitunguu.

"Kukata hairuhusiwi?"

"Hairuhusiwi, mama."

"Na kulowesha?"

Profesa akawageukia watu wacheke naye. "Ukitaka iogeshe na sabuni, mama yangu."

Mama akalipa, akaazima beseni la maji kwa muuza chai, akailaza fremu humo, akasema anakwenda kumwona mtu mara moja. Aliporudi, ngozi ilikuwa imelainika. Akaivuta kwa vidole gumba, taratibu, vile anavyoivuta kila siku ikae kwenye kalibu ya kiatu. Mraba ukapita, na tundu halikuchanika hata uzi.

Watu wakashangilia. Profesa akaanza kufafanua kwamba maji nayo, kisheria, ni aina ya kisu, lakini muuza nyama akamsogelea, naye akakumbuka adabu. Basi akamvuta mama pembeni, akamwambia ukweli, kazi ambayo hakuizoea: cherehani ni ya mkewe, na bila hiyo leo hana pa kulala. Mama akamsikiliza kwa huruma tele. Akasema yeye hana roho mbaya, ataiacha, mradi apewe ule mfuko kama ulivyo. Profesa akautoa huku roho inamuuma.

Akakimbiza mkokoteni hadi nyumbani, akairudisha cherehani, akaipangusa vumbi, fremu ya ngozi akaificha uani. Mkewe alipoingia alimkuta amekaa na gazeti, mtu mstaarabu. Hakuuliza kitu. Hata chai akammiminia. Profesa akashusha pumzi na kujiona bado ni mjanja wa mji.

Mara hodi, na mama mshona viatu akaingia na ule mfuko.

"Mwanangu, nimekuletea fungu lako," akamwambia mke. "Nilipouona mkanda wa cherehani nilijua ni ule niliokukatia mimi, ndiyo maana nikakufuata kwa dada yako. Na ulivyosema nimwachie cherehani nichukue mfuko, ndivyo nilivyofanya."

Mkewe akazigawa noti mafungu mawili, la mama na lake, bila haraka, kisha ndipo akamtazama.

"Kesho utakwenda soko la upande wa pili, mume wangu," akasema. "Mkokoteni utasukuma wewe. Mama atakuja saa sita. Sasa nenda kaianike ile ngozi, ikauke."