Betri Sita za Basi la Kina Kvamme

Royce Tidwell alikuwa na kanuni moja ya kazi: usimuuzie mtu kitu anachokielewa. Ndiyo maana aliuza betri.

Kila Januari, wazee wa kaskazini walipokimbia theluji na kujazana kwenye jangwa la Arizona, nje kidogo ya Quartzsite, na mabasi ya shule waliyoyageuza nyumba, Royce naye aliwasili. Gari lake lilikuwa la dizeli, limezeeka, na ubavuni limeandikwa DAKTARI WA BETRI. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Lakini alivaa koti jeupe, na koti jeupe katikati ya vumbi lina heshima yake.

Basi la kuishi lina betri za aina mbili. Kuna ya kuwashia injini, ambayo hutoa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja kisha ikapumzika. Na kuna za nyumba, zenye vibao vinene ndani, ambazo hutoa nguvu polepole usiku kucha kwa ajili ya taa, friji na pampu ya maji. Ukiipa ile ya kwanza kazi ya hizi za pili, haimalizi wiki. Wenye mabasi wengi walizijua betri zao kama wanavyozijua figo zao: walijua zipo.

Mahali hapo pa kutojua ndipo Royce alipojengea maisha yake. Alikuwa na mita mbili. Moja ilikuwa nzima, ikikaa mfukoni. Nyingine aliichokonoa mwenyewe, isisome zaidi ya volti kumi hata ukiigusisha na radi. Alipita basi hadi basi akipima bure, na betri nzima zikawa zinakufa mbele ya macho ya wenyewe. Hapo huvua kofia kidogo, kama mtu aliyetoka chumba cha upasuaji. Kisha, kwa huruma, anazibeba hizo maiti bila malipo na kumuuzia mfiwa betri “mpya za nyumba”. Mpya zenyewe zilikuwa betri kuukuu za kuwashia, zilizookotwa kwenye vyuma chakavu, zikasuguliwa, zikapakwa rangi nyeusi na kubandikwa stika ya dhahabu. Zile nzima alizowanyang'anya watu aliziuza mjini Yuma. Na kabla stika hazijaanza kubanduka, daktari alikuwa ameshahama kambi.

Msimu mmoja alimliza Delmar Stroud, mstaafu wa posta mwenye ugonjwa wa sukari. Siku ya nne friji la Delmar lilizima, na sindano zake za insulini za mwezi mzima zikaharibiwa na joto la jangwani. Alikutwa amekaa kwenye ngazi ya basi lake, ameloa jasho, hajui leo ni siku gani. Majirani wakamkimbiza hospitali, akarudi amepungua kilo tano. Royce alikuwa ameshahamia kambi ya pili, maili tatu tu mbele, kwa sababu hakuona haja ya kuchoma mafuta mengi.

Kambi ya pili ndiko walikokuwa wameegesha Lavonne na Ardith Kvamme.

Hawa walikuwa dada wawili kutoka Minnesota, wote wamepita miaka sabini. Lavonne, mkubwa, alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na siku ya kustaafu akalinunua. Ardith alikuwa na mapafu mabovu na alilala mchana na mashine ya kumsaidia kupumua. Royce alipochungulia mlangoni aliwaona: mmoja anafuma soksi, mwingine amelala. Halafu akaona chini ya kitanda, zimepangwa safu moja, betri sita za lithiamu, za bei ghali, za buluu, za aina ambayo hata yeye alikuwa hajawahi kuiba.

Moyo ukampiga kama wa kijana aliyeandikiwa barua.

Akaomba kupima bure. Lavonne akasema karibu mwanangu, angalia miguu usimkanyage paka. Royce akapiga magoti na mita yake mbovu, akagusa huku na huku, akavua kofia kidogo.

“Mama,” akasema, “nasikitika.”

“Zinaumwa?”

“Zimekufa. Zote sita.”

Lavonne aliweka soksi chini. Wakati huohuo birika la umeme lililokuwa juu ya meza, linalotumia betri hizohizo, likachemka na kujizima. Wote wawili waliliangalia. Royce akaeleza kwamba hiyo ni nguvu ya mwisho, kama mgonjwa anavyoamka na kuomba supu kabla hajakata roho. Lavonne akasema maskini, akammiminia kahawa.

Alipogeuka kutafuta sukari, Royce alichomoa ile mita nzima na kupima haraka. Volti kumi na tatu na ushee, zote sita. Mali safi kabisa. Angetaka kufungua waya apime moja moja, kwa sababu betri zilizounganishwa pamoja husoma sawa hata kama ni moja tu inayofanya kazi. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote jangwani. Lakini Lavonne alimkataza kwa upole. Ukifungua waya, alisema, mashine ya dada yangu inazima, na mimi nina dada mmoja tu. Utazifungua ukishakuwa umeleta nyingine.

Kisha akashusha pumzi na kusema basi itabidi ampigie simu yule bwana wa Yuma asisumbuke. Alikuwa aje saa sita kuzinunua zote kwa dola elfu mbili.

Royce akauliza bwana gani. Lavonne hakukumbuka jina. Alikumbuka ana lori jekundu na anataka hata zilizokufa, eti kwa ajili ya makasha.

Saa ilikuwa tano na nusu. Royce akasikia kinywa chake kikisema kwamba hata yeye hununua zilizokufa, kwa kuwaonea huruma wazee, na angetoa dola mia tisa taslimu pamoja na betri nyingine za nyumba. Lavonne akafikiri, akakubali, akamfuata hadi garini kuchagua.

Royce alimwonyesha zenye stika za dhahabu, akisema ni mpya na zinafanya kazi yoyote. Lavonne alizitazama akasema zinapendeza mno, ataogopa kuzitumia. Akanyooshea kidole betri nne zilizochakaa nyuma kabisa, zile za watu alizokuwa bado hajazipeleka Yuma. “Nipe hizo chafu,” alisema. “Mimi ni mtu wa kawaida.” Royce hakuweza kukataa, kwa sababu alikuwa ameshamwambia kwamba hizo ni takataka.

“Na basi langu haliwaki vizuri asubuhi,” Lavonne akaongeza. “Niongezee ya kuwashia.”

Royce akasema ya kuwashia hana.

“Hiyo iliyo kwenye injini yako?”

“Hiyo natumia mwenyewe, mama.”

“Lakini umesema hizi za stika zote ni mpya na zinafanya kazi yoyote. Si utaweka mojawapo?”

Royce akapiga hesabu. Akisema za stika haziwashi hata tochi, amejichongea mwenyewe. Akisema atawashia zile sita za buluu, amekiri kwamba hazijafa. Kila mlango aliougusa alikuta ameshaufunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asubuhi hiyohiyo. Saa sita kasoro kumi. Akachukua spana, akafungua betri ya gari lake na kumkabidhi pamoja na zile dola mia tisa.

Akafunga betri zote mahali pake, mashine ya Ardith isizime hata dakika moja, maana Lavonne alimsimamia kama mkaguzi. Kisha akabeba makasha yake ya buluu, akashangaa kidogo kwamba lile la sita, la mwisho ukutani, Lavonne alilibadili kwa jingine lililokuwa nje, akidai limeshalowa maji ya paka. Hakuuliza. Lori jekundu lilikuwa njiani.

Garini akaunganisha kasha la kwanza kwenye injini na kuzungusha ufunguo. Kimya. Akaunganisha mawili. Akaunganisha yote sita. Gari halikutoa hata mlio wa kukohoa. Akachukua bisibisi, akafumua kifuniko.

Ndani mlikuwa na sponji, na katikati ya sponji mfuko wa mchanga, uliopimwa uzito kwa uangalifu mkubwa. Yalikuwa makasha ya maonyesho, yaliyotupwa baada ya soko la magari, na lile alilokuwa amefumua lilikuwa na harufu ya vitunguu, kama kapu la jikoni. Lenye uhai lilikuwa moja tu: lile la sita alilobaki nalo Lavonne.

Alirudi kwenye basi akitembea kwa hatua ndefu. Lavonne alikuwa ameshika soksi yake tena.

“Mama, umeniuzia mchanga.”

“Nilikuuzia betri zilizokufa,” Lavonne alisema. “Ulizipima mwenyewe. Mimi sikubisha.”

Royce akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake watu walikuwa wanakuja na viti vya kukunja, kumi na wawili, hawana haraka. Delmar Stroud alikuwa mbele. Ndiye aliyekuja kuwaeleza dada hao habari za Royce wiki iliyopita, na Ardith, aliyekuwa hajalala wala hajawahi kulala mbele ya mgeni, ndiye aliyepanga mambo yote kutoka kitandani, hata lile lori jekundu lisilokuwepo.

Hakuna aliyempiga. Wenye zile betri nne walizitambua, na wengine wakaandikisha walizokosa. Dola mia tisa zilikwenda kununua sindano za Delmar, na zilizobaki zikagawanywa. Kisha Lavonne akamwomba Royce asimame hapo na koti lake awaeleze watu, kwa ukweli safari hii, namna ya kuchagua betri ya kuwashia na betri za nyumba.

Alizungumza saa nzima. Alieleza unene wa vibao, uzito, tarehe iliyogongwa pembeni, kwa nini ufungue waya kabla ya kupima, kwa nini usiishushe betri ya madini ya risasi chini ya nusu ya chaji. Alichora mchangani. Watu waliuliza maswali, yeye akajibu vizuri sana, na Delmar, ambaye hakuwa na sababu ya kumsifia, alisema hajawahi kusikia mtu akieleza kitu kwa uwazi namna ile. Royce aliona aibu ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka.

Kisha wakaleta waya, wakaliwasha gari lake kwa betri ya basi, wakachomoa waya na kumwambia aende. Dizeli ya zamani ikishawaka haiombi betri. Ila asiizime.

Alipita Yuma bila kusimama, akaingia California jua likiwa bado juu. Karibu na El Centro mshale wa mafuta ulilala kabisa. Akaingia kituoni, akasogea pampu ya nne, akashuka injini ikinguruma. Kipaza sauti kikakoroma juu ya kichwa chake, na sauti ya msichana wa dukani, aliyechoka lakini mwenye adabu, ikasema:

“Mzee wa pampu ya nne, zima gari kwanza.”

Royce alisimama na mpira wa mafuta mkononi. Akageuka kuelekea kwenye kioo cha duka, akatabasamu lile tabasamu lake la miaka yote, akafungua mdomo.

“Mzee,” ikasema sauti. “Nakusubiri.”