Neno "Kumbukumbu" Lililokula Kompyuta Yangu

Kamachumu, Muleba
Jumatano, tarehe 13

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Tuseme Kiswahili,

YAH: LALAMIKO DHIDI YA NENO MOJA, NA MENGINE YALIYOSHIRIKIANA NALO

Kabla sijalalamika ni lazima nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, ingawa sina hakika kama ni dhambi. Kwa miezi saba sasa, kila siku nikitoka shule, nimekuwa nikienda kukaa juu ya kaburi la babu yangu kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika.

Sikukimbilia kaburini kwa kukosa adabu. Nilifanya utafiti. Nilijaribu laini tatu za simu katika kibanja chetu chote, nikizunguka kwenye migomba na daftari mkononi. Laini ya kwanza ilishika vizuri ndani ya banda la nguruwe. Ya pili ilishika ukipanda mparachichi hadi tawi la tatu, na mimi huvaa sketi. Ya tatu ilishika kwa babu, vistari vinne kamili. Kaburi lake lina vigae safi na halina mteremko. Basi nikachagua laini ya tatu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye busara angefanya.

Ninachofanya pale ni usanifu. Natengeneza kadi, mabango na lebo kwa simu yenye ufa kwenye kioo. Sijamwonyesha mtu nyumbani kwa sababu nina aibu. Lakini mwalimu wangu mmoja alionyesha kazi yangu kwa kikundi cha akina mama wa Ijumbi wanaokaanga kahawa, nao wakaniomba niwatengenezee lebo ya pakiti zao. Nina hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kazi itakwenda kwa fundi mmoja wa Bukoba mjini. Lebo ya kuchapishwa haitengenezeki kwenye simu yangu, Ndugu Mhariri. Nimejaribu mara kumi na nne. Nahitaji kompyuta.

Wiki tatu zilizopita, baada ya kuuza kahawa, baba aliniita sebuleni. Alisema polepole, bila kunitazama:

"Anna, nimekuona. Nimekuona siku nyingi. Andika unachohitaji, usiogope. Ni jambo ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kulifanya zamani."

Nilifikiri ameona kazi zangu. Nilifurahi hadi nikagonga goti kwenye meza. Usiku ule nikachukua ukurasa wako wa mwezi wa tatu, ule wenye kichwa "Maneno ya Kompyuta kwa Kiswahili Sanifu", ambao nimeubandika ndani ya jalada la daftari, nikaandika orodha hii:

MAHITAJI
Kumbukumbu: 16, isiwe chini ya hapo.
Kadi ya michoro: iwe ya peke yake, isiwe ya kuchangia.
Betri: saa nane.
Kioo: inchi 15.
Kasi ya kupakua: angalau kumi kwa sekunde.
Kipanya: kimoja, kisicho na waya.

Sikuandika gigabaiti, kwa sababu hukutupa Kiswahili chake, na "gigabaiti" niliiona ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sikuandika "kompyuta" pale juu, kwa sababu niliamini baba anajua tunazungumzia nini. Niliiweka orodha ndani ya kitabu chake cha nyimbo, nikaenda kulala.

Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Baada ya sala baba alisimama, akatoa karatasi yangu mfukoni.

"Ndugu zangu, baba yangu, Mzee Kahigi, ana miaka minne ardhini. Mimi mwanawe nimenyamaza. Lakini mtoto huyu wa kidato cha tatu amekuwa akienda kwa babu yake kila siku, ameinamisha kichwa, midomo inatembea. Mimi namtazama dirishani, nashindwa hata kumwita. Nilipomuuliza anahitaji nini, aliniandikia hivi." Akasoma kwa sauti: "Kumbukumbu."

Kichwa nilikiinamisha kwa sababu ya jua kwenye kioo cha simu. Midomo ilikuwa inatembea kwa sababu nilikuwa nasoma maelekezo. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Bibi yangu Agnetha alikuwa tayari analia, akanishika mkono, na mkono wa bibi ukikushika husemi kitu.

Sasa naorodhesha malalamiko yangu kwa namba, kama unavyotaka wasomaji wafanye.

1. Kumbukumbu. Kila Mkatoliki wa Muleba anajua kumbukumbu ni misa, ng'ombe, maturubai na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wewe ukaenda kulipa neno hilo kazi ya pili ndani ya kompyuta bila kutuaga. "Kumi na sita, isiwe chini ya hapo," baba alisoma, kisha akafafanua: "Yaani tarehe kumi na sita, siyo kabla. Amefikiria hata kalenda." Kalenda iliangaliwa. Tarehe kumi na sita ni Jumamosi. Watu walipiga makofi.

2. Kadi ya michoro. Nilimaanisha kifaa kinachosaidia kompyuta kuchora bila kugawana nguvu na vifaa vingine. Baba alielewa kadi ya mwaliko yenye michoro, isiyoomba michango. "Mtoto anasema tusichangishe watu," alisema, "na mimi nakubali. Babu yake hatachangiwa." Kwa maneno mawili yako fedha yote ya kahawa, iliyokuwa kompyuta yangu, ikageuka ng'ombe. Nakuandikia nikiwa nimekaa karibu na dirisha la nyuma. Ng'ombe amefungwa hapo nje, ananitazama.

3. Betri. Mahali popote pengine duniani saa nane ni muda wa kutumia kitu. Kwetu ni mchana, baada ya chakula. Spika zimekodiwa, zinakuja na betri yake, zitafika saa nane.

4. Kasi ya kupakua. Hapa, Ndugu Mhariri, nakulaumu kuliko kote, kwa sababu katika nyumba nzima hakuna asiyejua kupakua ni kutoa chakula sufuriani. Mama Immakulata, mwenyekiti wa jumuiya, alivaa miwani na kurudia kusoma.

"Kumi kwa sekunde? Sahani kumi?"

"Ndivyo alivyoandika," baba alisema.

"Huyu siyo mtoto, ni mashine! Mnipe huyu kwenye kamati ya chakula."

Nimekabidhiwa mwiko. Nitawapakulia watu mia mbili na hamsini, mimi ambaye nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja husahau jina langu.

5. Kipanya. Hili liliwashinda kidogo, na kwa dakika nzima nilikuwa na matumaini. Ndipo bibi akasema, "Si ni stoo? Anasema dirisha la stoo halina waya, panya ataingia kwenye mchele." Kaka yangu Damian akatumwa Kanazi kuleta paka. Paka amefika. Analala juu ya ukurasa wako.

6. Kifurushi. Hili halikuwa kwenye orodha, lakini uliliandika wewe mwenyewe katika toleo lililofuata: "tuseme kifurushi, tuache bando." Nilitii. Nilimwandikia shangazi Klaudia, anayefanya kazi ofisini Bukoba: "Shangazi shikamoo, naomba kifurushi cha wiki." Akajibu: "Marahaba mwanangu. Kinakuja na basi la saa nne. Kipokee mwenyewe, Damian asikifungue." Zilikuwa senene za kukaanga, wale panzi wetu wa kuliwa, ndoo ndogo, za kutosha wiki kweli. Damian alikifungua. Sina intaneti. Midomo ya Damian inang'aa mafuta, na kila nikipita ananiita, "Nshomile! Umepanga kumbukumbu kama mwenyekiti wa kamati!" Nshomile kwetu ni msomi anayejua kuwa ni msomi. Mimi sijui kitu, Ndugu Mhariri. Mimi nilisoma gazeti lako tu.

7. Kioo. Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Baba alipanda basi hadi Bukoba kutafuta kioo cha inchi kumi na tano, na akakipata, kikiwa kwenye fremu nzuri ya mbao. Ni fremu ya picha ya babu. Lakini babu hana picha. Alikuwa akikimbia kamera. Ipo moja tu, kwenye kitambulisho chake, ndogo kama kucha, na maji yaliwahi kuimwagikia. Bibi aliitazama, akaniambia, "Si umesema michoro? Mchore." Basi nakaa juu ya kaburi kila jioni nikimchora kwa kidole, na kila nikifika kwenye macho simu yangu, ambayo kwa kukuheshimu niliiweka lugha ya Kiswahili, inaandika: "Kumbukumbu haitoshi." Imeandika hivyo mara ishirini. Nimefuta michezo. Nimefuta lebo zote za majaribio za akina mama wa Ijumbi. Bado haitoshi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, uchapishe sahihisho katika gazeti la Ijumaa, ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, likisema kuwa kumbukumbu ni kifaa. Gazeti hufika Kamachumu mchana, na baba husoma kabla ya chakula cha usiku. Ng'ombe anachinjwa Jumamosi alfajiri. Utaona kwamba muda upo.

Pili, maneno yote ya kompyuta yatakayotungwa baadaye yaletwe kwanza kwa bibi yangu. Akae nayo wiki moja. Neno lolote atakaloweza kulipika, kulizika au kulifungia paka, lirudishwe lilikotoka.

Tatu, kama la pili ni gumu, basi misiba, jiko na stoo vitafutiwe maneno mapya, ili haya ya sasa yabaki kwa ajili ya kompyuta peke yake. Watu wa msibani watazoea. Wao hawana haraka ya mwisho wa mwezi.

Nne, kama la tatu nalo ni gumu, uje mwenyewe Jumamosi saa nane umweleze baba mbele ya spika. Mimi siwezi. Kila nikijaribu naiona ile karatasi yangu mkononi mwake, nami naenda kumpa ng'ombe majani.

Nisalimie wahariri wote, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na yule anayechora katuni ya ukurasa wa nane, ambaye mistari yake naiiga. Bibi anawasalimu, ingawa hajui nawaandikia nini. Mwambie yeyote hapo ofisini anayependa senene kwamba zimebaki kidogo.

Ni mimi msomaji wako mtiifu, ambaye angependa kupunguza utii,

Annastella Avit Kahigi

Nyongeza, Jumatatu tarehe 18. Barua hii haikuondoka. Ijumaa nilikuwa namenya ndizi, na Jumamosi nilikuwa na mwiko. Sasa naomba usome hii nyongeza na uyaache hayo mengine yote, isipokuwa la paka, ambaye bado amelala juu ya ukurasa wako.

Picha niliimaliza Ijumaa jioni. Simu ilipokataa macho niliiweka chini, nikachukua penseli na karatasi ya nyuma ya kalenda, nikamchora pale pale juu ya vigae. Nilidhani simkumbuki, nilikuwa darasa la sita alipofariki. Lakini nilikumbuka kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika, kwa sababu alilala miaka yote na redio chini ya sikio hilo. Nikaanza na sikio. Uso ukafuata. Nilikumbuka hata jinsi alivyokuwa akihamisha punje za kahawa alizotafuna kutoka shavu hili kwenda lile kabla ya kumjibu mtu. Mtandao ulikuwa vistari vinne na sikuutumia.

Bibi aliishika fremu muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo sikio lenyewe," akaanza kumsimulia babu mambo ya shamba kana kwamba ametoka safarini. Jumamosi nilipakua. Siyo kumi kwa sekunde, lakini hakuna aliyelalamika. Akina mama wa Ijumbi walikuwapo, wengine ni ukoo wa bibi, na walitaka kujua nani amemchora. Damian akanisukuma mbele na kusema, "Huyu hapa, nshomile wetu," na safari hii hakucheka. Wamesema fundi wa Bukoba asubiri. Watangoja lebo hadi nipate kompyuta, mradi ichorwe na mkono uliochora lile sikio.

Leo asubuhi baba alinikuta kaburini. Akaniuliza huwa namwambia babu nini. Nikamwambia kweli yote, kuanzia banda la nguruwe. Kisha akatoa simu yake, akaitazama, akasema, "Vinne!" Akaketi kando yangu juu ya vigae, akampigia shangazi Klaudia, ambaye ofisi yake inauza kompyuta za zamani, na nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu anayenunua ng'ombe:

"Kumbukumbu yake ngapi? Nne? Hapana, dada, haitoshi. Anna anasema kumi na sita."

Shangazi amesema inaweza kuongezwa, na kwamba tutalipa kwa kahawa ya msimu ujao. Baba akaniomba niandike orodha upya, ili asikosee tena. Niliandika "Kompyuta" pale juu, kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Chini yake niliandika "Kumbukumbu: 16", neno sikulibadilisha. Nikampa mkononi. Kisha nikaosha masufuria ya jumuiya na kuyarudisha kwa Mama Immakulata, yote saba.