Ngoma za Breki za Bwana Hermenegildi

Polikarpo alikuwa na siku mbili tu Ifakara na njaa ya siku tatu, alipomwona Bwana Hermenegildi akiosha motokaa yake kwa kipande cha gunia.

Mwaka ule wa 1956, wenyeji wenye motokaa pale mjini ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Hermenegildi, mfanyabiashara wa mpunga, aliipenda yake kwa moyo wote, na ubahili wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Alikuwa juani, vumbi bado limetanda juu ya boneti, naye anasugua kama anayeondoa ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Simama, baba! Kwa jina la Mungu, simama!"

Hermenegildi akaruka. "Kuna nini? Nyoka?"

"Afadhali nyoka. Shikamoo, baba. Unaichuna ngozi motokaa hii ingali hai?"

Kisha Polikarpo akaanza kusema ukweli. Msishangae. Tapeli mzuri husema ukweli tisa ili uongo mmoja upate pa kukaa. Alieleza kwamba vumbi ni mchanga, na ukisugua mchanga juu ya rangi unaikwaruza. Kwamba kwanza humwagwa maji mengi bila kugusa, kuanzia juu kushuka chini. Kwamba kitambaa kiwe cha pamba, laini, nacho kisuuzwe kwenye ndoo ya pili. Na kwamba kazi yote ifanyike kivulini. Hermenegildi akasikiliza mdomo wazi, gunia likimdondoka mkononi.

"Na mkwaruzo huu?" Polikarpo akauliza, akigusa alama iliyopinda kama mundu kwenye mlango wa kushoto.

"Mbuzi," akasema Hermenegildi, akaangalia pembeni.

"Mbuzi wa nani?"

"Mbuzi tu."

Mbuzi yule alikuwa wa mama mkwe wake, kule Kiberege. Lakini kwa watu wa kule mtu hamsemi mkwe wake kwa mgeni, hata kama ni mbuzi wake aliyekosa. Alichofanya Hermenegildi tangu Pasaka ni kumtumia salamu kwamba motokaa inaumwa breki, imepumzishwa, haifiki tena Kiberege. Angeongeza maneno mawili tu siku ile, hadithi hii isingekuwapo.

"Huo nitauponya," Polikarpo akasema. "Kinachoniogopesha ni breki. Baba, ukishaosha unafanya nini?"

"Naiweka bandani, navuta breki ya mkono."

Polikarpo akavua kofia kama aliyefika msibani. "Maji yameingia kwenye ngoma za breki, vile vyuma vya mviringo ndani ya magurudumu. Ukiiweka imelowa, kutu inashika, breki zinagandana na ngoma, siku ya safari magurudumu yanakataa. Ikioshwa lazima iendeshwe, unakanyaga breki polepole, mpaka zikauke."

Maneno hayo aliyaokota kwenye gereji moja Morogoro alikofagia wiki mbili na kujifunza usukani, lakini yeye mwenyewe hakuyaamini. Aliyaona ni ya mafundi kutafutia chakula.

"Iendeshwe mpaka wapi?"

"Kwa unyevu wa bonde hili? Mpaka Kiberege na kurudi. Kila Jumamosi."

"Na petroli?" sauti ya Hermenegildi ikakauka kabla ya breki.

"Petroli juu yangu, baba. Mimi nipe chakula na pa kulala tu. Kazi naipenda."

Jina la Kiberege lilimchoma kidogo, lakini bure ni bure. Hermenegildi akamtazama kijana huyu, akafurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye naye amempata mjinga.

Hivyo ndivyo Jumamosi zikawa tamu. Asubuhi Polikarpo aliosha kwa utaratibu wote, kivulini, juu kwenda chini. Mkwaruzo wa mbuzi aliupaka dawa nyeusi ya viatu, ukapotea. Kisha "akaenda kukausha breki." Pale Kibaoni, nje kidogo ya mji, akina mama wa soko walikuwa wameshajipanga na vikapu vyao. Alipakia saba panapokaa wanne, na nauli ilikuwa pishi ya mchele, kwa sababu mchele hauna wivu, kila mtu anao. Mchele mwingine aliubadilisha kwa petroli dukani. Uliobaki aliuweka Kiberege kwa mjane mmoja mwenye ghala imara kando ya barabara, Mama Margareta, mtu wa rozari na maneno machache.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, mwanangu. Motokaa ni yako?"

"Jasho langu, mama."

"Mungu akuzidishie."

Mungu akamzidishia. Kufikia mwezi wa nne wa kazi hiyo alikuwa na gunia tisa. Usiku alilala akiona mgahawa wake Morogoro, wenye meza sita na maua ya karatasi, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni akiitwa Bwana Polikarpo. Maisha yake yote alikuwa akila kwenye meza za watu, na kusema kweli alichoka. Alipanga lori la Jumatatu lichukue mchele wake, na yeye juu yake.

Jumamosi ile ya mwisho kulinyesha manyunyu. Mama Margareta aliegemea mlango wa kushoto akizungumza, na alipojiondoa, kanga yake ilikuwa nyeusi.

"Motokaa yako inachuja, mwanangu."

"Ni lami ya barabarani, mama."

"Lami? Hapa Kiberege?"

Akafuta kwa kidole. Mundu ukatokea. Akauangalia, akamwangalia mbuzi wake aliyefungwa kando ya ghala, mwenye pembe moja iliyopinda vilevile, halafu akamwangalia Polikarpo kwa upole mkubwa.

"Nipeleke Ifakara leo," akasema. "Nina binti yangu kule, nimemkumbuka."

Nani atamkatalia mwenye ghala lililobeba mchele wake? Akampakia mbele. Walipopita Kibaoni, mama akaanza kuelekeza: nyoosha, kata kulia, pita mwembe ule. Polikarpo akapunguza mwendo. Akasema pengine binti anakaa mbele zaidi.

"Hapahapa," mama akasema.

Ilikuwa uani kwa Bwana Hermenegildi, naye alikuwa barazani na majirani zake. Alipoona nani anashuka kwenye motokaa inayoumwa, alisimama ghafla, akarudi nyuma hatua za heshima, akainamisha macho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu!" Mama Margareta akapaza sauti, majirani wote wasikie. "Nilidhani umenisahau. Kumbe unatuma kijana kila Jumamosi! Gunia tisa za mchele, jamani! Nani hapa amewahi kumpa mkwe wake gunia tisa?"

Hakuna aliyewahi. Majirani wakapiga makofi. Hermenegildi hakuelewa hata chembe, lakini sifa ilikuwa kubwa na haikumgharimu kitu, basi akatabasamu kwa unyenyekevu.

Mama akamgeukia Polikarpo. "Au nimekosea, mwanangu? Mchele ni wa nani?"

Meza sita na maua ya karatasi vikapita mbele ya macho yake. Akisema ni wake, ataulizwa aliupataje, na kwa motokaa ya nani. Akavua kofia.

"Ni... ni wa baba, mama."

"Basi Jumamosi ijayo unirudishe kwangu. Na uje na kitambaa safi."

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Ijumaa jioni Polikarpo aliambiwa aioshe motokaa mapema. Aliiosha kwa hasira, akaisukumia bandani ikidondoka maji, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akapanda lori la Morogoro akiwa na kofia yake na kopo la dawa ya viatu. Kukausha breki, alijisemea, ni hadithi za kuwadanganya matajiri.

Kulipokucha, Mama Margareta, ambaye alikuwa hajarudi kwao, akaketi kiti cha mbele tayari kwa safari. Hermenegildi akawasha, akaachia breki, akatia gia. Motokaa ikanguruma, ikatetemeka, ikakataa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamegandana.

Wakaitwa majirani wasukume. Hakuna aliyethubutu kumwomba mama ashuke, naye hakujitolea. Alikaa humo na rozari yake, mzito kama gunia la tisa, huku mkwe wake akisukuma amevaa suti, viatu vikizama kwenye tope.

"Jamani," Hermenegildi akahema, machozi yakimlengalenga, "yule kijana alikuwa mkweli! Aliniambia, neno kwa neno! Tutampata wapi tena mtu kama yule?"

Mama Margareta akageuza uso dirishani, akacheka mpaka rozari ikamwanguka.