Elfu Tisini na Sita za Uongo

Jumatano, 16 Julai 2025
Naungama mapema. Kisanduku changu cha kurekodia kinachukua sauti mara 48,000 kwa sekunde, basi. Cha Zabron, fundi sauti mwenzangu, kinafika 96,000, na hachoki kututangazia. Leo nimefungua faili la draiva, lenye orodha inayoiambia kompyuta kisanduku kinaweza sauti za aina gani. Nikaongeza mstari: 96,000. Kompyuta ikaamini! Hata haikuuliza. Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 17 Julai
Nimepanda kijijini Magamba, nimemrekodi mama. Magoti hayamruhusu kushuka kwenye harusi ya binti yangu Eliza, na wakwe wamesema bila baraka ya bibi yake hawaondoki na mtoto. Mama kaanza na marahaba kabisa, anajua watamwamkia. Nyumbani nimesikiliza: safi! Nikampa Zabron flashi, maana spika za ukumbini ni zake. Nikamwambia, mgosi, ndugu yangu, 96,000 hiyo, pokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu! Ukumbi mzima: shikamoo bibi! Spika zikajibu kwa kasauti ka mtoto wa miaka mitatu, mbio mbio: marahaba wanangu! Mzee Danieli, baba mdogo wa bwana harusi, kasimama. Kauliza mtoto wa nani huyo anayewaitikia wazee marahaba, na mbona hajachapwa. Wakwe wakachukua kofia zao. Eliza analia. Mimi nikasema kosa ni spika za Zabron. Mungu anisamehe.

Zabron kafungua faili, kaniangalia. Kasema kisanduku kimechukua 48,000, faili limeandikwa 96,000, ndiyo maana bibi anakimbia mara mbili. Nyumbani ilisikika sawa kwa sababu kisanduku kilekile kilirudia uongo uleule. Karekebisha. Sauti ya mama ikatoka, nzito, taratibu. Mzee Danieli kavua kofia, kaamkia upya! Eliza kaenda na mumewe. Nimetubu mbele ya watu wote, kwa kipaza sauti cha Zabron.

Jumatatu, 21 Julai
Nimefuta ule mstari. Moyo mweupe! Sidanganyi tena mtu, wala mashine.

Mchana nasikia Zabron anataka kurekodi ile kwaya kubwa ya Lukozi. Ya Lukozi! Nimewapigia haraka, niwarekodi mimi. Wameuliza kisanduku changu kinafika ngapi.

Nimesema 192,000. Sasa nalitafuta lile faili la draiva.