Pampu Yangu na Gari la Bibi Harusi

Kwa Ndugu Oswald,
Mwenyekiti, Kamati ya Harusi ya binti yangu Honorata.

YAH: KUONDOLEWA KWA GARI LANGU KATIKA MSAFARA WA JUMAMOSI

Salamu kutoka hapa Gungu. Mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Nimesikia, tena kwa jirani, kwamba kamati imeliondoa Pijo langu na kumpangia bibi harusi bajaji. Marehemu Skolastika, mama yake Honorata, aliletwa kwangu na gari hilihili. Nimeumia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ni kweli siku ya kukagua njia gari lilizimika kule juu Mwandiga, wajumbe wakalisukuma na sare zao mpya. Lakini niliutambua ugonjwa palepale: pampu ya petroli, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, imezeeka. Nikaamua kununua ya umeme.

2. Fundi Erasto alinishauri nichukue ndogo, eti kabureta hutaka petroli ije taratibu, na zile kubwa ni za magari ya kisasa. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimestaafu kazi ya kusukuma maji ya ziwa hadi mlimani. Mtu kama mimi ni wa kuambiwa achukue pampu ndogo? Nilichukua kubwa kuliko zote dukani. Erasto akaifunga kwa shingo upande, akaleta na dumu la petroli ya kujaribia, akalimimina kwenye tangi.

3. Mnasema petroli inamwagika. Haimwagiki, inazidi. Kabureta inafurika kwa sababu pampu ina nguvu. Nakiri kwamba Jumapili kanisani benchi zima nilikaa peke yangu kwa harufu.

4. Pampu inanguruma. Kwa hiyo matarumbeta hayahitajiki.

5. Kwa kuwa gari halikai likiwaka, ibada ihamishiwe Mwandiga ili tushuke mteremko injini ikiwa imezimwa. Ukumbi nao uwe popote gari litakaposimama.

6. Mkishindwa hayo, harusi iahirishwe. Bwana harusi Feliksi ni kijana, atangoja. Pampu ina waranti ya siku tisini tu.

Nisalimie wajumbe wote, hasa waliosukuma, na mama Rozalia wa jikoni, na dereva wa bajaji, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi, baba wa bibi harusi na mwenye pampu,
Castory Gahungu.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Erasto ameifunga tena pampu ya zamani ili anionyeshe ilivyokufa. Gari limewaka mara moja, likatulia. Akaniuliza, siku ile ya Mwandiga, mara ya mwisho nilikuwa nimeweka petroli lini. Nimefikiri sana. Ilikuwa Pasaka. Geji ya petroli ilikufa miaka mingi iliyopita, na aliyekuwa akichovya kijiti kwenye tangi kila tulipotaka kutoka alikuwa Skolastika. Mimi sikuwahi kukishika. Honorata amekubali kupanda Pijo, ila kijiti atakishika yeye.