Uchunguzi Wangu wa Wizi wa Ndizi

Jumatatu, 1 Machi 1954
Andika, Elifuraha mkwe wangu, na usinirekebishe. Karani wa Boma amepita anauliza wizi wa ng'ombe: wapi, siku gani. Anasema Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akishajua wizi unapenda wapi, anajua pa kuweka askari. Kumbe ni kazi ya kuuliza tu! Mimi kuuliza nimezaliwa nako. Hapa kwetu inaibiwa mikungu ya ndizi, na mshili, mkubwa wa ukoo, anatafuta msimamizi wa ulinzi. Mimi nautaka usimamizi huo, na Nkasiogi jirani naye anautaka. Huyo anayesinzia kanisani.

Jumatano, 3 Machi
Nimezunguka kote. Chai kila nyumba, tumbo ngoma. Nisije nikasahau, kila aliyeibiwa nimemfungia jani la sale mlangoni. Nikapanda kilimani, majani yanaonekana, kutazama wizi umekaaje. Umekaa vizuri! Wote wanaibiwa siku ya soko la Tengeru, na wote wameizunguka nyumba yetu. Yetu tu haijaguswa. Mwizi ananiogopa.

Ijumaa, 5 Machi
Balaa. Sale ni la kuombea msamaha, hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa nafikiria wizi tu. Nkasiogi amekuja na wenzake, kakunja mikono.
"Mama Anaeli, sale lako tumeliona. Sasa tukusamehe nini?"
Nikasema ni alama. Wakacheka. Mshili ananitaka Jumapili baada ya ibada. Nikikosa la kusema, ulinzi basi, na jina langu basi.

Jumapili, 7 Machi
Kabla sijafungua mdomo, mume wangu Sumari kasimama. Analia, mzee wa watu. Anasema, "Mke wangu alijua, kaniombea msamaha mlango kwa mlango bila kuniaibisha, nitanyamazaje?" Kumbe ndiye! Mimi nikienda soko, yeye anakata mikungu ya watu, anawapelekea wazee wenzake wapikie pombe. Nikamuuliza, ya kwetu je?
"Ya kwako, mama Anaeli? Ningelala wapi?"
Mshili mwenyewe kacheka. Wamemsamehe, atawalimia. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nimempikia mtori wa ndizi.

Jumatatu, 8 Machi
Ulinzi kapewa Nkasiogi. Mshili ameniomba kwa heshima nisimuulize mtu kitu tena. Wivu huo. Boma wanahangaika miaka, mimi mwizi nimemtoa kwa majani! Sasa nasikia maziwa yanapungua vibuyuni. Nimeshaanza. Leo asubuhi nimemuuliza mke wa mshili, kanifungia mlango. Andika hapo, Elifuraha: huyo ana jambo.